Ukienda bingo mara ya kwanza: kaa karibu na wazee na usiogope kupiga kelele

Nilipoteza zawadi ya bingo ya elfu tatu mia tano juu ya aibu tu. Bingo ni mchezo wa nambari, mtu mwenye maiki anaziita, na wewe unakata zile ziko kwa tiketi yako. Si ati nilicheza vibaya, tiketi ilikuwa imejaa, nambari zote kumi na tano nimekata, na mimi nimekaa tu nikiangalia hiyo karatasi kama mtu amepata nyoka ndani ya kiatu. Badala ya kupiga kelele nikageukia anti aliyekuwa amekaa kando yangu nikamnong'oneza, "Anti, hii si imejaa?" Kabla anijibu mwenye maiki akaita nambari ingine, na mama mmoja huko nyuma karibu na jikoni akapiga "HAUSI!", yaani tiketi yake imejaa, hadi vikombe vikatetemeka. Pesa ikaenda hivyo. Anti akanitazama juu hadi chini akaniuliza, "Sasa wewe mtoto, mdomo ulipewa wa nini?"

Hiyo ilikuwa Ijumaa, klabu moja ya zamani upande wa Ngara, na mimi mtu wa Umoja nilikuwa nimealikwa na mzee mmoja tulifanya naye kazi kabla astaafu. Nimerudi mara kadhaa tangu hapo. Wacha nikueleze venye mambo huenda, ju mimi hakuna mtu alinieleza, kila mtu alidhani najua.

Kwanza jua unaenda kwa kitu gani. Ukiskia ukumbi wa bingo usianze kutafuta jengo lenye mataa limeandikwa BINGO kwa mlango. Hiyo ni Uingereza, huko baada ya sheria ya mwaka 1960 kufungua njia, sinema nyingi za zamani ziligeuzwa zikawa kumbi za bingo na wamama wakahamia huko. Hapa Nairobi ni usiku wa bingo, yaani ukumbi ni ule ule wa harusi na mikutano ya matanga, siku hiyo tu ndio inapangwa meza na spika. Utapata kwa klabu za upande wa Parklands, Ngara na Pangani, utapata kwa ukumbi wa kanisa wakati kuna paa inachangiwa ama basi ya shule, na kuna restoranti zinaweka siku moja ya katikati ya wiki ndio watu wakae waagize chakula. Wagoa, wale wa asili ya Goa huko India, wataita hausi, Wahindi wengine wataita tambola, vijana bingo, na ni mchezo mmoja. Hata hilo jina la hausi lilikuwa la wanajeshi wa Kiingereza, walikuwa wanaucheza kambini kuua muda, na wale wa majini wao waliita tombola.

Na usiende na akili ya zile beti za simu. Kwa simu unaweka mkeka wako, unalala, kesho unaamka kuangalia kama Chelsea wamekuharibia maisha. Bingo haichezeki hivyo. Tiketi yako inaweza kuwa imeshinda na usilipwe hata shilingi, ju hakuna kompyuta inakuangalilia. Ni masikio yako, kalamu yako na mdomo wako. Hapo kwa mdomo ndio wageni wengi tunaanguka na ntarudi hapo.

Kuingia sasa. Klabu za wanachama huwezi tu kutokea, lazima mwanachama akuandikishe pale kwa kitabu cha mlangoni, na mara nyingi yeye ndiye atajibu ukifanya ujinga, kwa hivyo muaibishe polepole. Uliza mapema kama kuna ada ya mgeni. Vaa kiatu kimefungwa, patipati na kaptura kuna mahali utarudishwa na askari mlangoni mbele ya watu, na ni heri usirudishwe mbele ya hao watu ju ndio utacheza nao. Kwa kanisa hakuna hiyo maneno, unaingia tu. Beba noti ndogo, hamsini hamsini na mia mia. Ndio wako na till ya M-Pesa, lakini yule mtu wa kuuza tiketi huwa anazunguka meza na ndoo ama begi dakika mbili kabla mchezo uanze, na wewe ukianza kumsomesha meseji ya M-Pesa inakataa kuingia, meza yote inakuangalia vibaya. Beba pia kalamu yako, ile ya maka yenye mdomo mnene, ju biro ya kawaida unakata nambari halafu baadaye huoni kama ulikata ama ni kivuli.

Fika mapema, lakini usikae.

Naongea ukweli, usikae hadi uulize. Hivyo viti vinakaa vitupu lakini viko na wenyewe, kuna mtu amekalia kile cha pembeni chini ya feni tangu wakati wa Moi na hata akichelewa kitamngoja. Mimi nilikaa moja nikaona watu wanakohoa tu. Simama pale, salimia, uliza "samahani, kuna mtu hapa?" na ukiweza, omba kukaa karibu na mtu mzee, hasa wamama. Hao wamama watakuokoa. Wanacheza tiketi zao kumi na mbili, wanakula, wanasengenya mtu wa komiti, na bado watakuona umeruka nambari kwa tiketi yako ya pili na watakugonga kiwiko. Waite anti na ankol, usiwaite kwa majina hata kama rafiki yako anawaita hivyo. Vijana wenzako watakupea kampani poa lakini hawatakuonyesha kitu ju na wao wamepotea.

Tiketi yenyewe. Ina mistari mitatu ya kulala na safu tisa za kusimama, hivyo vyumba ni 27, lakini 15 tu ndio ziko na nambari, tano kila mstari, zile zingine ni tupu. Nambari zote za mchezo ni 1 hadi 90. Sasa skiza hii ju ndio itakufanya usihangaike: nambari hazikutupwa ovyo. Safu ya kwanza kushoto ni za 1 hadi 9, ya pili ni za kumi, ya tatu za ishirini, hivyo hivyo hadi ya mwisho kulia ambayo ni 80 hadi 90. Kwa hivyo wakiita 47 usitembeze macho tiketi nzima kama mtu amepoteza funguo, shuka tu kwa safu ya tano, iko ama haiko, umemaliza. Ile umeona kwa filamu za Marekani, yenye vyumba vitano kwa vitano na herufi B-I-N-G-O juu na chumba cha bure katikati, hiyo ni ya nambari 75 na ni mchezo mwingine, usimwambie mtu kwa meza ati tiketi yake iko na makosa. (Nilimwambia.)

Utaona wenye uzoefu wananunua karatasi nzima ya tiketi sita zimeshikana. Nilidhani ni tamaa tu lakini kuna akili hapo. Sita mara kumi na tano ni tisini, na hiyo karatasi imepangwa ndio kila nambari kutoka 1 hadi 90 iwe humo mara moja tu, kwa hivyo nambari yoyote ikiitwa lazima uwe nayo mahali, na kama hujaipata basi unajua umelala. Mwenye tiketi mbili hawezi jua kama amekosa nambari ama ameiruka. Lakini wewe mara ya kwanza chukua mbili, tatu ukijiamini sana. Sita ni za wenye wamezoea, ukichukua hizo utakuwa bado unatafuta 31 wakati wao wako nambari tatu mbele.

Zawadi si moja. Kabla raundi ianze mwenye maiki anasema zile zinachezwa, na skiza hapo badala ya kupiga stori, ju kila klabu iko na zake. Mara nyingi kuna ya haraka, mtu wa kwanza kukata nambari zozote tano, Wahindi huiita jaldi faivu, na jaldi ni haraka tu kwa Kihindi. Kuna kona nne, yaani nambari ya kwanza na ya mwisho ya mstari wa juu, na ya kwanza na ya mwisho ya mstari wa chini. Kuna mstari wa juu, wa katikati, wa chini. Halafu ile kubwa, hausi, tiketi nzima, nambari zote 15. Zawadi ikishachukuliwa imeisha, usikae ukingoja kona nne na mtu alishaenda nazo zamani.

Sasa kuita. Mwenye maiki anatoa nambari moja moja, kwa kikapu ama mashine, anaita, na kuna ubao zinawekwa. Mahali pengi wanaita kwa Kizungu na hapo kuna mtego, ju fiftini na fifti kwa spika mbaya ni mapacha. Ndio maana anarudia tarakimu, anasema moja-tano halafu kumi na tano, ama tano-sifuri halafu hamsini. Ngoja hiyo ya pili kabla ukate. Mimi mara yangu ya pili kuenda, bado nikiwa na uchungu wa ile elfu tatu mia tano, niliskia therti nikakata 30 na ilikuwa 13, nikaruka juu na kelele ya mtu ameona treni. Wakaja wakaangalia tiketi. Hiyo huitwa bogi, kudai na hujashinda, na tiketi yako inaondolewa kwa mchezo hapo hapo hata kama ingeshinda nambari inayofuata. Ukumbi wote ukasema "boooogi" kwa wimbo. Hakuna kitu utafanya, cheka nao, kaa chini.

Kuna majina pia ya nambari, za kutoka Uingereza huko, na wazee wanazipenda kuliko pesa. 11 ni miguu, na kila ikiitwa kuna ankol lazima apige mluzi. 22 ni bata wawili wadogo ju tarakimu mbili inafanana na bata akiogelea, 88 ni wamama wawili wanono, 10 ni kwa waziri mkuu wa huko ju nyumba yake ni namba 10, na 90 ni juu kabisa ya nyumba. Usijali kama hujui, baada ya jina nambari yenyewe inatajwa. Mimi masikio yangu ni ya mathree, kwa hivyo nilijitengenezea yangu na nambari za route za matatu: 58 ni Buru, 46 ni Kawangware, 8 ni Kibera, 45 Githurai, 9 Eastleigh. Ni kama kusimama stage unangoja gari yako, makanga akiita ya kwenu unaskia hata ukiwa unaongea na mtu. Nilimwambia anti hiyo siri, siku hizi ikiitwa 58 ananigonga mkono anasema "Buru, Buru."

Wakati nambari zinaitwa, nyamaza. Kuongea hapo ndio kitu itakuletea shida kuliko zote. Hapo kati ya raundi ni kelele kama soko, watu wanacheka, watoto wanakimbia, lakini mwenye maiki akishika tu hiyo maiki ukumbi unakufa, utaskia kalamu. Simu izime sauti. Usiulize swali katikati ya raundi hata kama ni swali zuri, ngoja. Ukikosa kuskia nambari angalia ubao, na kama hakuna mtu ameskia meza nzima itapiga "Rudia!" na wewe unaingilia hapo. Na jikoni usiende, chai itangoja.

Haya, mdomo. Hapa ndio nilikuwa naelekea kutoka mwanzo. Sheria ni kwamba unadai kwa nambari iliyoitwa mwisho. Ikiwa 64 ndio imekujazia mstari, unadai kabla nambari ingine iitwe, ikiitwa ingine kabla ufungue mdomo umechelewa, hata ukionyesha tiketi hawatakuskiza, na si ubaya wao, ndio mchezo ulivyo. Kwa hivyo unahitaji kupiga kelele haraka, mbele ya watu hujui, na pengine kwa lafudhi ya kwenu, na sisi tumelelewa mgeni anyamaze kwa nyumba ya watu. Hapa mgeni akinyamaza anakula hasara. Usiseme "ehm samahani". Usiinue mkono kama uko darasa la tatu, mwenye maiki anaangalia nambari, hakuoni. Sema neno moja kwa nguvu: "Hausi!" ama "Laini!" ama "Kona!" na kama ulimi umekukataa piga tu "EEEH!" na ninaapa watasimamisha. Fanya mazoezi kwa bafu, mimi nilifanya, jirani akadhani nimeshinda jakpoti.

Njia ya kujiandaa ni kujua unangoja nini. Ukibakisha nambari moja, iandike pembeni ya karatasi kubwa kubwa, halafu akili yako yote ingoje hiyo moja. Shida yangu ile siku ya kwanza ni kwamba sikujua nimebakisha moja, nilikuwa nakata tu kama mtu anapalilia, ikaja ghafla.

Ukishadai, kaa hapo. Mtu wa komiti anakuja, anasoma tiketi yako kwa sauti, mwenye maiki analinganisha na ubao. Usikunje tiketi, usimwagie chai. Mkiwa wawili mmedai kwa nambari moja mnagawana. Watu watapiga makofi, wengine watanuna, hiyo ni kawaida. Ukishinda kubwa si lazima lakini ni adabu kununulia meza soda ama sahani ya bhajia, na mtu wa kuita nambari mkumbuke na kitu kidogo. Chakula kwa hizi kumbi nacho kisikupite, nilikula mogo, yaani muhogo, ya kukaanga na pilipili na ndimu siku moja na kwa kweli nilisahau kukata nambari mbili.

Tuongee pesa kidogo ju najua ndio umeshuka huku kuangalia. Chukua mfano wa ukumbi mdogo kama ule wetu: tiketi 300 zimeuzwa kwa hamsini kila moja, hiyo ni elfu kumi na tano. Hausi elfu tatu mia tano, mistari mitatu kila moja elfu moja mia tano, ya haraka elfu moja, kona nne elfu moja. Jumla elfu kumi. Elfu tano inabaki kwa klabu ama kwa paa ya kanisa. Yaani kwa wastani kila hamsini yako inarudi kama thelathini na tatu hivi, na ukiwa na tiketi tatu uko na nafasi moja kwa mia ya kupata hausi. Hiyo si biashara, usiende na karo ya mtoto ukidhani utaizalisha. Raundi nane, tiketi tatu kila raundi, ni elfu moja mia mbili, weka kando, ongeza ya chakula na ya gari, ingine acha nyumbani. Mtu akikuambia ako na sistimu ya kuchagua tiketi mpe heshima yake kama mzee lakini tiketi ni tiketi. Na kama inachezwa kwa pesa lazima uwe umefikisha miaka 18, usibebe kijana wako wa sekondari umkalishe na tiketi zake.

Raundi moja si ndefu. Kwa ukumbi wa tiketi kama hizo mia tatu, hausi hupatikana nambari kama sitini zikiwa zimeitwa, kwa hivyo usikate tamaa nambari arobaini zimepita na wewe umekata tano tu, ingawa pia usijidanganye. Ikifika hapo sitini utaona watu wameanza kukaa wima, wameshika meza, hakuna mtu anatafuna. Hiyo dakika moja ndio mimi hurudia.

Kutoka, panga mapema. Sisi humaliza saa nne na nusu hivi, na kutoka Ngara saa hiyo hadi tao kutafuta gari ya Umoja sitaki kukudanganya si raha, hasa ukiwa umeshinda na watu mia wamekuona ukihesabu. Pesa iingie kwa simu kabla utoke, ama tafuta mtu wa kwenda njia yenu mlipie teksi pamoja. Yule mzee alinialika hunishukisha Pangani, huko najipanga na boda.

Na kalamu, nimesema ubebe yako. Ya kijani niliyotumia siku ya kwanza ilikuwa ya anti, nilienda nayo nyumbani bila kujua, na kila nikitaka kumrudishia anakataa, anasema nitairudisha siku nitapiga kelele ya kweli. Hadi sasa nimeshinda mistari miwili na kona nne mara moja, lakini anasema hizo hazihesabiki, anangoja hausi.